Wiki Tisa za Kulinda Mahindi Yaliyokufa

Niling'oa maharage ya baba mkwe wangu kwa mikono yangu miwili.

Mchana kweupe. Maharage mazima, mabichi, yasiyo na ugonjwa. Na ndiyo kwanza nilikuwa nimeinuka kwenye mswala.

Msinihukumu bado. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu hukumu mtanipa wenyewe na mimi nitaipokea.

Mimi ni mjane. Nimeishia shule ya msingi, kwa hiyo mkikuta makosa ya kuandika humu mnivumilie. Mume wangu alifariki miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, na sikurudi kwetu. Nilibaki na baba yake. Nyumba ya vyumba vitatu, mimi na yeye, na mbuzi mmoja mwenye kiburi kuliko sisi sote.

Watu walikuwa wananiuliza, "Sasa wewe unang'ang'ania mzee wa watu kwa lipi? Si urudi kwenu ukaolewe?"

Nawajibu, "Mzee wa watu ndiye baba yangu."

Sikuwa najipamba. Baba yangu mzazi hata sura simkumbuki. Huyu ndiye aliyenifundisha kupalilia bila kukata mizizi, na kunyamaza mtu akinikera.

Shamba letu liko bondeni, karibu na mto. Alilifyeka mwenyewe alipokuwa kijana, kwa panga, enzi hizo mto uko mbali na una adabu zake.

Mwaka ule mto ukakosa adabu.

Habari ya mafuriko yenyewe sitaisimulia, mtu asiyeyaona hawezi kuelewa na aliyeyaona hataki kukumbushwa. Niseme tu tulikaa siku tano kwenye darasa la shule, tumelala juu ya madawati. Maji yalipopungua tukarudi. Nyumba imesimama, matope mpaka magotini.

Tukaenda shambani. Mahindi yalikuwa wima.

Hicho ndicho kilichonitisha. Ningeyakuta yamelala ningeelewa. Yalikuwa yamesimama mistari kwa mistari, yananifika kifuani, na yote yamekufa. Maji yameyaozesha mizizi yakiwa yamesimama. Rangi yake kama karatasi ya kaki.

Baba akashika bua moja, akalitikisa, likatoa sauti ya kukauka.

"Haya," akasema. "Tuyang'oe haya, tupande maharage. Matope haya yaliyoletwa ni mbolea ya bure."

Ndivyo alivyokuwa. Wengine wanalia, yeye anapanga mistari.

Na mbegu alikuwa nayo. Chupa mbili za plastiki zimejaa maharage yaliyochanganywa na majivu, ziko juu ya kabati la nguo, maji hayakuzifikia. Mbegu ile alikuwa anaitenga kila mavuno tangu mkewe yu hai. Hakuwahi kununua mbegu ya maharage maishani mwake.

Tukakubaliana tuanze kesho yake asubuhi.

Kesho yake asubuhi akaja Bwana Kofia.

Bwana Kofia ni afisa kilimo. Ana kofia moja pana ya majani, haivui hata akiwa ndani ya ofisi, watu wanasema anaoga nayo. Kijana mwema. Nasema mwema na narudia, mwema, kwa sababu humu ndani hamna mwizi. Mkianza kumtafuta mwizi mtachoka bure.

Alituita uwanja wa shule. Akatangaza kwamba serikali italipa malipo ya maafa kwa kila shamba lililoharibika. Makofi! Akasema tumegawanywa makundi mawili. Kundi la ng'ambo ya kijito, na kundi la bondeni, yaani sisi, kaya kumi na mbili.

Halafu akatoa sharti.

"Msiguse mashamba. Yaacheni hivyo hivyo yalivyo. Nitapita moja moja, mwenye shamba atasimama ndani nimpige picha. Nikikuta mtu ameshalima upya, wakubwa wangu watasema hapa hapakuwa na maafa. Na faili ni la kundi, jamani. Mmoja akiharibu, amewaharibia wote."

Fundi wa baiskeli akanyoosha mkono. Yeye na sisi tumepakana mashamba. "Mkuu, unakuja lini?"

"Wiki hii au wiki ijayo. Nisubirini."

Ikabidi kila kundi litoe katibu wa kuhakikisha sharti linafuatwa. Fundi wa baiskeli akapayuka, "Mchagueni huyu mjane! Huyu akiokota sindano anazunguka nyumba zote kuuliza ni ya nani!"

Watu wakacheka, wakanichagua. Nikapewa daftari na orodha ya majina.

Mimi nikaichukua ile kazi kama amana. Na kwa mtu anayemwogopa Mungu, amana haichezewi.

Nikaanza. Kila siku, nikimaliza swala ya alfajiri na kumpa baba chai yake, kukipambazuka natoka. Napita mashamba kumi na mawili. Naangalia kila shamba, naandika: halijaguswa. Halijaguswa. Halijaguswa.

Haikuchukua siku nne nikapewa jina.

"Mama Ushahidi huyooo! Ficheni majembe!"

Fundi wa baiskeli ndiye alikuwa kiongozi wao. Asubuhi moja akanisimamisha njiani, uso mkavu kabisa. "Mama Ushahidi, bua langu moja limeanguka lenyewe. Nilizike au nilisimamishe?"

"Lisimamishe."

Na kweli alilisimamisha. Akalifunga kamba kwenye kijiti, akalivalisha na shati lake bovu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili nayo. Daraja la miguu lilikuwa limebebwa na maji, kwa hiyo kwenda ofisini kwa Bwana Kofia ilikuwa lazima uzunguke kule juu, nusu siku kwa miguu. Tukasema basi, na yeye anazunguka. Atafika.

Baba akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana anakuja lini?"

"Anakuja, baba."

"Udongo hausubiri kofia."

"Baba, ni kaya kumi na mbili. Katibu ni mimi. Tukianza sisi kugusa, mwingine nitamwambia nini?"

Akanywa chai yake taratibu. "Sawa. Ila nakwambia, baada ya wiki hii na ijayo, mbegu utakayotia hapo ni ya kulisha panya."

Wiki ya tatu, nikiwa kwenye mzunguko wangu, nikaona kitu ng'ambo ya kijito. Watu wanalima. Kundi zima! Mahindi makavu yamelundikwa pembeni kama kuni, watu wameinama wanapanda.

Katikati yao alikuwepo Mama Redio. Huyu ni rafiki yangu wa siku nyingi. Tunamwita Mama Redio kwa sababu ukimpa siri asubuhi, mchana unasimuliwa mwenyewe na mtu usiyemjua.

Akaniona, akapiga kelele kutoka huko, "Weee mwenzangu! Mnasubiri nini huko? Pandeni!"

"Na nyie nani atawalipa mkishapanda?"

"Katibu wetu amesema ruksa!"

"Katibu wenu atawaponza!"

Akacheka, akatikisa mkono, akarudi kwenye jembe lake.

Mimi nikaondoka nikiwahurumia. Wallahi niliwahurumia. Nilipofika nyumbani niliwaombea dua. Nikaandika kwenye daftari: ng'ambo wamegusa.

Sikumuuliza kitu kingine. Sikusema, hebu ngoja, katibu wenu kayatoa wapi hayo? Nilikuwa nimeshaambiwa nisubiri, na kusubiri nakujua. Mjane anajua kusubiri.

Wiki ya nne ndiyo nikaanza kuona mambo kwa baba.

Mimi ni mtu wa kutazama. Sisemi sana lakini naona. Nikaona suruali yake ina udongo magotini. Nikaona fimbo yake ya kutembelea imechakaa ncha, ina matope mpaka nusu. Nikapandisha mkono juu ya kabati la nguo. Chupa zote mbili ni tupu.

Nikaenda shambani peke yangu. Nikapita katikati ya mahindi makavu mpaka nyuma ya kichuguu, pale ambapo mtu wa njiani haoni.

Maharage.

Yameota, yana majani mawili mawili yaliyofunguka, kijani ambayo macho yangu yalikuwa yameisahau. Alikuwa ametoboa ardhi kwa ncha ya fimbo, kitundu kimoja kimoja, katikati ya mabua. Hakung'oa hata bua moja. Alikuwa ameiacha mistari iliyokufa isimame, akapanda mistari iliyo hai kati yake.

Mzee wa miaka themanini na kitu. Kwa magoti.

Nikarudi nyumbani. Nikamkuta amekaa kizingitini anamchambulia mbuzi majani.

"Baba, kule nyuma ya kichuguu kuna nini?"

"Maharage."

"Najua ni maharage."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikakaa chini. "Baba, unajua sharti."

"Nalijua. Sijang'oa kitu. Ushahidi wako wote umesimama kama askari wa gwaride."

"Picha haitajua hilo. Picha itaonyesha kijani. Watasema shamba limepona, na faili la watu kumi na mbili litafungwa."

Akaacha kuchambua majani. "Mwanangu, mimi sipandi kwa ajili ya njaa. Unga wa msaada upo, tunakula. Nataka nivune. Mara moja tena, kwenye shamba langu, kwa mkono wangu. Basi. Kitu hicho kimoja tu."

"Utavuna msimu ujao, baba."

"Msimu ujao," akarudia, kama mtu aliyetajiwa mji ulioko mbali na hana nauli ya kuufikia.

Nilikaa na jambo lile siku tatu. Nilimfikiria mama wa mapacha ambaye paa lake lilienda na maji, anasubiri malipo yale anunue mabati. Nilimfikiria fundi wa baiskeli na vichekesho vyake, nyumbani kwake ana wazee wawili wa kulisha. Wote wamekaa mikono mitupu kwa sababu mimi nimewaambia wakae. Leo hii Bwana Kofia aje, akute shamba lililovunja sharti ni la katibu?

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, baba alikuwa amelala kidogo. Nikatawadha upya. Nikaswali rakaa mbili za kumwomba Mungu anichagulie. Nikakaa pale mswalani mpaka nikahisi moyo umetulia.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu utulivu ule. Ulikuwa wa Mungu kunijibu? Au ulikuwa wa mtu ambaye alishaamua kabla hajapiga goti? Siwezi kumsingizia Mungu. Nadhani ni huo wa pili.

Nikaenda, nikainama, nikaanza kung'oa.

Yalikuwa yanatoka kirahisi. Udongo laini, mizizi myeupe. Nilikuwa nayaweka kwenye upande wa kanga, shina kwa shina. Yalipobaki kama mistari miwili nikahisi mtu nyuma yangu.

Alikuwa amesimama kwenye kichuguu, amekamata fimbo kwa mikono miwili.

Nilitegemea anifokee. Ningependa angenifokea.

Akatazama kanga yangu. Akauliza, "Umeyatoa na mizizi?"

"Ndiyo, baba."

"Hata ukiyarudisha hayashiki."

"Hayashiki, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei asiyoipenda. "Haya. Malizia hiyo miwili. Usiache nusu, watasema tulikuwa tunaficha."

Nikamalizia huku ananitazama. Halafu akanyoosha mikono, nikampa yale mashina, akayabeba kifuani mpaka nyumbani na kumpa mbuzi. Mbuzi akala yote. Hakubakisha hata jani.

Habari zikaenea, maana fundi wa baiskeli alikuwa amepita akaniona. Nikajua atanifanyia kichekesho. Hakufanya. Kesho yake akanivulia kofia, akasema, "Mama, wewe ni mtu wa haki. Hata mkweo hukumpendelea."

Nilisifiwa, ndugu zangu. Nilisifiwa kwa lile.

Wiki ya tano. Ya sita. Mvua zikakata. Matope yakageuka saruji, yakapasuka vipande vipande. Sasa hata ungepewa mbegu ya dhahabu usingepata pa kuitia. Watu wakaanza kunijibu mkato. Mimi bado nazunguka na daftari. Halijaguswa. Halijaguswa.

Wiki ya saba, baba akaniaga asubuhi. "Naenda ng'ambo kusalimia."

"Baba, kuzunguka mpaka kule ni mbali."

"Nina miguu."

Akarudi jioni, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwekea maji ya kuoga. Nikamuuliza wako salama huko? Akasema wako salama, Mama Redio anakusalimu.

Tangu siku ile akabadilika. Kabla ya hapo alikuwa ananiuliza kila siku, kijana yule bado tu? Akaacha kuuliza. Hakutaja tena udongo wala mvua. Hakwenda tena shambani, hata kwa kutazama. Anakaa kizingitini na mbuzi wake. Nikipita ananiangalia kwa upole fulani, kama unavyomtazama mtoto aliyelala.

Mimi, mtu wa kutazama, nikamshukuru Mungu kwamba sasa mzee ameridhika.

Wiki ya tisa akaanza kubanwa na kifua. Mganga wa zahanati akaja, akasema ni uzee na mapafu, akampa dawa. Asubuhi moja akaniambia, "Leo usiende kuzunguka. Kaa na mimi."

Nikasema, "Narudi sasa hivi, baba. Nikiacha siku moja watasema nimechoka."

Nikaenda. Mashamba yote kumi na mawili. Niliporudi nikamkuta macho yako wazi.

"Yote yapo?" akauliza.

"Yote yapo, baba."

"Vizuri. Umefanya kazi yako."

Alifariki kesho yake alasiri, mkono wake ndani ya mkono wangu. Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi. Njia ya makaburini inapita katikati ya mashamba, na pande zote mbili ni mahindi yale, wima, makavu, yanagongana kwa upepo.

Baada ya mazishi watu wakaanza kukata mabua wakafanye kuni. Sikumzuia mtu. Daftari nililifunga.

Wiki nne baadaye akatokea Bwana Kofia. Na pikipiki, amezungukia juu. Akafurahi kuniona.

"Mama, pole na msiba, nimesikia njiani. Ila nimewaletea habari njema. Malipo yametoka! Kaya zote kumi na mbili."

Nikamwambia, "Lakini hukuja kupiga picha."

Akanishangaa. "Picha zilishapatikana, mama. Zile za ndege ndogo, droni. Ilipita kabla maji hayajakauka. Wakubwa waliamua zinatosha, wiki ile ya pili tu. Ndiyo maana tukawaruhusu mpande."

Ile ndege nilikuwa nimeiona. Ilipita juu ya shule kama nzige mkubwa, sisi tuko madirishani, watoto wanaipungia mkono.

"Nani aliyeturuhusu?"

"Si kwa barua? Makatibu wote wawili tuliwaandikia. Wa ng'ambo alikuja ofisini kuulizia, akapewa ya kwake mkononi. Ya kwako..."

Akafungua mkoba wake, akapekua, akatoa bahasha. Juu imeandikwa: Katibu, Kundi la Bondeni. Haijafunguliwa. Pembeni imepauka kwa kukaa dirishani.

"Tuliona daraja hakuna, tukasema mtakuja kuichukua," akasema. Na kwa mara ya kwanza nikamwona anavua ile kofia. "Mama, mlikuwa mmekaa bila kupanda? Muda wote huo?"

"Ulisema tukusubiri."

Akaitazama bahasha. Na mimi sikumdai jibu. Nusu siku ya kutembea, ndugu zangu. Asubuhi moja tu ningeacha kuzunguka mashamba, nikazungukia ofisini, nikauliza, jamani bado lile sharti lipo? Katibu wa ng'ambo alifanya hivyo. Hajanizidi akili. Aliuliza tu.

"Na wale waliopanda?" nikauliza. "Wamelipwa?"

"Kiwango kile kile, mama. Na maharage wameshavuna."

Niliitisha kundi uwanja wa shule. Nikasimama, nikawasomea ile barua, mimi mwenyewe, kwa sauti, mpaka tarehe. Nikasema kosa ni langu. Sikutaja kofia ya mtu wala daraja.

Mama wa mapacha akafunika uso kwa kanga. Kisha fundi wa baiskeli akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akasema, "Msimu mzima. Bua nimelivalisha shati." Akainuka akaondoka. Mpaka leo tukikutana ananisalimia vizuri, lakini utani umekwisha. Nimeukumbuka utani wake kuliko nilivyofikiri.

Mimi niliporudi nyumbani sikulia. Nilikaa pale kizingitini. Kitu kimoja tu nilikuwa nakishukuru. Nilisema, alhamdulillahi, baba amekufa hajui. Amekufa akiamini nilikuwa sahihi.

Ndipo akaja Mama Redio.

Alikuwa ametembea kuzunguka mpaka juu, na kapu kichwani. Akakaa karibu yangu. Mwanamke yule akikaa huwa ameshaanza kuongea kabla makalio hayajagusa chini. Siku ile alikaa kimya muda mrefu.

"Mwenzangu, nimebeba kitu, na sasa kimenishinda."

"Sema."

"Mkweo alikuja kwangu ile wiki alipokuja kusalimia. Hakuja kusalimia. Alikuja kuomba mbegu ya kuweka, hata kikombe kimoja. Aliona tunavuna mboga akashangaa, akauliza nyie hamuogopi kukosa malipo? Mume wangu akamweleza yote. Picha za droni, barua, ruksa. Mzee akauliza, ruksa ilitoka lini? Tukamwambia wiki ya pili."

Nikamwambia aendelee.

"Akahesabu kwa vidole," akasema. "Akakaa. Nikamwambia baba, twende sasa hivi nikamweleze mwenzangu. Akanishika mkono hapa. Akaniambia, mwanangu, ardhi imeshakauka, mbegu imeshaliwa na mbuzi, ukimwambia utamsaidia nini? Malipo yanakuja, watu hawatakosa. Huyu binti amenitunza tangu mwanangu afe. Aling'oa akidhani anatunza watu. Akijua, hatapata usingizi mpaka nife, na mimi sina muda mwingi. Niapie utanyamaza mpaka nitakapoondoka."

Mama Redio alikuwa analia sasa, kamasi na machozi, hafuti.

"Niliapa. Mimi! Mimi, mwenzangu, na mdomo huu! Sijawahi kutunza kitu maishani mwangu. Nilikuwa naogopa hata kuja kwenye mazishi nisije nikaropoka."

Kumbe alijua. Wiki mbili nzima. Siku ile aliponiambia nisiende kuzunguka alijua kwamba nakwenda kulinda kuni. Na niliporudi akaniuliza kama yote yapo, na nilipomjibu akaniambia vizuri, umefanya kazi yako.

Alikuwa ameninyamazia ili niendelee kuwa mtu wa haki.

Malipo tulilipwa. Mama wa mapacha ameezeka. Fungu la shamba letu lilitoka kwa jina la baba, nikatia sahihi mimi, na kiasi sitakitaja kwa sababu hakihusiani na chochote.

Sasa nisikilizeni, nyie mnaosoma haya. Sijaandika ili mnipe pole.

Mtu akikupa amri, muulize inaisha lini. Asipokwambia, mfuate ofisini kwake ukamuulize, na ukirudi mfuate tena. Amri zisizo na mwisho ni za Mungu peke yake. Mimi nilichukua maneno ya kijana mwenye kofia nikayapa heshima hiyo, nikaona ndiyo uchamungu.

Na kama nyumbani kwako yuko mzee aliyekuwa analalamika, halafu ghafla ameacha, usifurahi kwamba ametulia. Acha unachofanya. Kaa karibu yake. Muulize ni kitu gani anakuficha, na kama ni wewe anayekuonea huruma.